Wakuu mnaosimamia tovuti za wateja, mnatumia zana gani kuwahi tatizo kabla mteja hajapiga simu?

kibosho_wavuti:
Habari za saa hizi wakuu. Nipo Moshi hapa, nasimamia tovuti za wateja wadogo wadogo, kuna kampuni ya utalii, shule ya binafsi, duka la vifaa vya ujenzi na nyingine kadhaa, karibu zote ni WordPress (programu ya kutengenezea tovuti) na ziko kwenye hostingi ya bei nafuu yenye cPanel (paneli ya kusimamia hostingi). Kutengeneza sina shida nako, kazi ipo kwenye kutunza, maana mara nyingi mteja ndiye ananiambia saiti haifunguki na mimi sina habari yoyote, na mtu anakulipa kila mwezi, hapo sijisikii vizuri kabisa.

Sasa wiki hii limekuja kubwa zaidi. Huyu wa utalii ananiambia wageni wake wa Ujerumani wakitafuta jina la kampuni Google kwa simu halafu wakabonyeza linki, wanatupwa kwenye saiti za kamari. Mimi nikifungua kwenye laptopu naona kila kitu kiko safi, nikiandika anwani moja kwa moja kwenye simu nako safi. Saiti yenyewe niliipokea kutoka kwa fundi aliyekuwepo kabla yangu, thimu, yaani muonekano wa saiti, ni ile ya kulipia lakini sioni leseni popote.

Naomba mnitajie programu mnazozitumia nyie wenyewe kila siku, sio ile orodha ya vitu hamsini ambayo mtu kaikopi mahali. Laptopu yangu ina RAM GB 4 na intaneti ni ya bando kwa hiyo vitu vizito naomba tuviache. Natanguliza shukrani.

fundi_seva:
Mkuu anza na hiyo ya utalii leo hii hii, hizo za kufuatilia saiti tutakuja nazo baadaye. Hiyo saiti imedukuliwa. Virusi vya aina hii vimeandikwa vichague watu, vinaangalia kama umetokea Google, kama unatumia simu, kama hujaingia kama adimini, vingine vinakuonyesha mara moja tu halafu vinakuwekea alama ukirudi huoni kitu. Ndio maana mwenye saiti ndiye wa mwisho kujua.

Ili uone wanachokiona wageni tumia curl, komandi ya kuita ukurasa bila brauza, ipo tayari kwenye Windows 10 na 11 na kwenye Linux, haili bando. Jifanye simu iliyotoka Google:

`curl -sIL -A "Mozilla/5.0 (iPhone; CPU iPhone OS 17_0 like Mac OS X)" -e "https://www.google.com/" https://saiti-ya-mteja`

Hiyo -A ndiyo inamdanganya seva kwamba wewe ni iPhone, na -e inamwambia umetokea Google. Angalia mistari ya location, ukiona domeni usiyoijua ujue ndiyo hiyo. Usipoona kitu bado usishangilie, kuna vinavyotumia JavaScript ndani ya ukurasa badala ya seva, hapo ondoa ile I kwenye -sIL uletewe ukurasa mzima, uusome chini na juu utafute skripti inayovutwa kutoka domeni ngeni.

Halafu ingia kwenye terminali ya cPanel kama hosti wako anairuhusu, utumie WP-CLI, yaani kusimamia WordPress kwa komandi. Hii ndiyo zana naipenda kuliko zote kwa mtu wa WordPress na watu wengi hawaijui. Hostingi nyingi wanayo tayari, kama haipo unapakua faili moja tu la phar na maisha yanaendelea. Piga:

`wp core verify-checksums`

Inalinganisha kila faili la WordPress lako na lile rasmi, likibadilishwa hata herufi moja inakutajia jina. Kuna na `wp plugin verify-checksums --all` kwa plagini (programu za nyongeza), ila hiyo inajua zile zilizotoka WordPress.org tu, za kulipia haiwezi kuzipima, kwa hiyo thimu yako isiyo na leseni hapo haiguswi na mimi naiweka ya kwanza kwenye washukiwa. Thimu na plagini zilizochakachuliwa zinazogawiwa bure ndio mlango mkuu, kile kirusi kinachoitwa WP-VCD kilisambaa hivyo hivyo miaka kadhaa, mtu anapakua thimu ya bure anadhani ameokoa hela kumbe mlango umeshawekwa humo ndani.

Ukimaliza tafuta faili za PHP, yaani za kodi inayoendeshwa na seva, kwenye folda la picha:

`find wp-content/uploads -name "*.php"`

Pale zinatakiwa kuwa picha na PDF, faili la PHP likiwepo lifungue ulisome. Baadhi ya plagini huweka index.php tupu, hizo hazina neno, ila ukikuta herufi zilizovurugika ndefu kama mkia usiulize tena. Pia chungulia wp-content/mu-plugins, kilichowekwa humo kinawaka chenyewe bila kuwashwa na wengi hawaliangaliagi kabisa. Tupe majibu.

ChausikuM:
Hapo kwa fundi_seva sina la kuongeza kwenye udukuzi. Mimi nijibu swali la mwanzo, la kuwahi kujua kabla ya mteja.

Kaka tumia Uptime Kuma. Ni ya bure, unaiweka mwenyewe kwenye kaseva kadogo, inapiga hodi kwenye kila saiti kwa muda unaoupanga na ikishindwa inakutumia ujumbe Telegram. Sharti ni moja, isikae kwenye seva hiyo hiyo yenye saiti za wateja, maana seva ikizima na mlinzi anazima nayo. Wala usiiweke kwenye kompyuta ya nyumbani, umeme ukikatika kidogo utapata ujumbe kwamba dunia nzima imelala. Kama hutaki kuhangaika na seva kuna UptimeRobot, mpango wa bure unapima kila dakika 5, ila soma masharti yao kuhusu kazi za biashara kabla hujawaweka wateja.

Sasa kitu ambacho watu wanakiruka. Usipime tu kama saiti "inajibu". Weka kipimo cha neno, yaani unaiambia itafute neno fulani ndani ya ukurasa, mfano kwa shule weka namba ya simu iliyoko chini ya kila ukurasa. Kwa sababu saiti inaweza kujibu vizuri kabisa huku ikionyesha ukurasa mweupe, au ule ukurasa wa hosti kwamba akaunti imesimamishwa, na kipimo cha kawaida kitakwambia kila kitu kipo sawa. Neno likikosekana unapata ujumbe.

Uptime Kuma hiyo hiyo inakukumbusha cheti cha SSL (kile cha https) kinapokaribia kuisha. Hili sasa hivi ni la lazima, vyeti vya Let's Encrypt ni vya siku 90 na tangu Juni 2025 wameacha kutuma zile barua pepe za kukumbusha. Na muda unazidi kupunguzwa kwa vyeti vyote sio vya bure tu, wenye vivinjari na watoa vyeti walishakubaliana, Machi 2026 mwisho siku 200, Machi 2027 siku 100, Machi 2029 siku 47. Kwa hiyo yule anayeingia mwenyewe cPanel kubandika cheti kwa mkono kila mwaka ajipange, huko mbele haiwezekani tena. Hakikisha AutoSSL, ile ya cPanel kuweka cheti yenyewe, imewashwa kwa kila domeni na mlinzi yupo anaangalia kama kweli imefanya kazi.

mkwawa_dev:
Na bakapu? Mbona hamjaisema?

UpdraftPlus ya bure inatosha, ipange ipeleke Google Drive, databesi kila siku na faili kila wiki. Bakapu inayokaa kwenye hosti ile ile ni kama ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba. Na hiyo Drive isiwe ya mteja ambaye kashajaza GB 15 zake kwa picha za harusi, utakuta bakapu zilishaacha kupanda zamani na hakuna aliyejua.

kibosho_wavuti:
Asanteni sana wakuu, nimefanya kama fundi_seva alivyosema. Ile curl ya kwanza haikutoa kitu ila nilipoondoa I nikaona skripti inavutwa kutoka domeni ya ajabu. verify-checksums imenitajia wp-includes faili mbili na index.php ya nje, na kwenye uploads nimekuta PHP ndani ya folda la mwaka 2023 katikati ya picha za Serengeti, limeandikwa jina kama la picha kabisa. Sasa nifute tu hizo au? Na huyu dada wa Uptime Kuma nitamfuata, hilo la neno sikuwahi kulifikiria.

fundi_seva:
Usifute moja moja, utaacha moja na kesho limezaa. Kwanza chukua nakala ya saiti nzima kama ilivyo na virusi vyake, uiweke pembeni, utaihitaji kujua lilianzia wapi. Halafu rudisha WordPress yenyewe upya:

`wp core download --skip-content --force`

Hiyo inaandika upya faili zote za msingi bila kugusa picha wala thimu. Ongeza --version na toleo ulilonalo kama hutaki kuhama toleo kwa sasa. Ila ujue haifuti faili za ziada ambazo mdukuzi aliziongeza, ndio maana baada ya hapo unarudia verify-checksums, itakutajia yale yasiyotakiwa kuwepo. Plagini zote futa weka upya kutoka WordPress.org. Ile thimu itoe kabisa, mwambie mteja anunue leseni au mhamie ya bure, hapa usimlegezee maana bila hivyo utafanya kazi hii tena.

Kisha watumiaji:

`wp user list --role=administrator --skip-plugins --skip-themes`

Hizo skip mbili za mwisho ni muhimu, kuna virusi vinajificha kwenye orodha ya watumiaji, ukiviacha viwake vinakutolea orodha safi. Usiyemjua mtoe. Badilisha paswadi zote, za WordPress, cPanel, databesi, FTP, halafu `wp config shuffle-salts` ili kila aliyekuwa ameingia atupwe nje hapo hapo. Angalia na `wp cron event list`, orodha ya kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe, mara nyingi wanaacha kazi ya kujirudisha baada ya saa fulani na mtu anadhani kadukuliwa upya kumbe ni wale wale. Cron ya cPanel nayo ichungulie.

La mwisho Google Search Console, ukumbi wa Google kwa wenye saiti. Ingia kwenye sehemu ya usalama uone kama wameiwekea alama, ukishasafisha kuna kitufe cha kuomba wakague upya. Na humo humo kwenye watumiaji wa Search Console hakikisha hamna barua pepe ngeni, wadukuzi wanajiongeza kama wamiliki ili wapeleke kurasa zao za kamari kwa jina la mteja wako. Pia andika site: ikifuatiwa na domeni kwenye Google uone kurasa gani zimeingia.

Kilindini_254:
Salaam ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Mmeongea vizuri kuhusu usalama, mie nataka kuongea kasi ya saiti maana kwa mtu wa utalii hapo ndipo pesa ilipo.

Saiti nyingi za huku kwetu zinajivuta si kwa sababu ya seva, ni picha. Mtu anapiga picha ya tembo kwa simu, MB 4, anaipandisha hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza una picha kumi za namna hiyo na mgeni akiwa na bando ndogo anaondoka kabla hajaona hata sikio la tembo. WordPress tangu toleo 5.3 la mwaka 2019 inapunguza picha kubwa hadi pikseli 2560, lakini hata hizo bado ni kubwa mno kwa simu.

Kwa picha chache tumia Squoosh, ni ya watu wa Chrome, unaifungua kwenye brauza unavuta picha unaona upande huu ya zamani na upande huu mpya. Uzuri wake kwa mtu wa bando ni kwamba kazi yote inafanyika kwenye kompyuta yako, picha haipandi popote. Shusha upana hadi 1600, chagua WebP, ubora 75, mara nyingi utashuka chini ya KB 300 na jicho halioni tofauti.

Kwa folda zima tumia ImageMagick, komandi moja na unaenda kunywa chai:

`mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1600x1600>" -strip -quality 78 -format webp *.jpg`

Tengeneza folda linaloitwa ndogo kwanza. Na hapo nataka tuelewane kuhusu -strip kwa sababu umesema una shule. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa, kwa latitudo na longitudo. Ukiweka picha za watoto kwenye tovuti bila kuzisafisha, yeyote anaweza kuipakua na kusoma ilipigwa wapi, na kama mwalimu aliipiga nyumbani kwa mtoto basi umetangaza nyumba ya watu. -strip inafuta hayo yote. -auto-orient lazima itangulie, la sivyo picha za wima zitalala ubavu maana taarifa ya kuzigeuza nayo inafutwa.

Kupima, usianze na programu za kulipia. Bonyeza F12 kwenye Chrome, nenda Network, weka alama kwenye Disable cache, chagua intaneti ya polepole pale juu halafu rifreshi. Kaa uone. Chini kabisa inakuandikia MB ngapi zimeshuka, panga kwa ukubwa na utamwona mwizi ni nani. Baadaye ndio uende PageSpeed Insights, pale angalia ile sehemu ya juu ya watumiaji halisi kama saiti ina wageni wa kutosha, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5 na kubonyeza kujibu ndani ya milisekunde 200. Usihangaike kutafuta 100 ya kijani.

Cloudflare ya bure pia iwekeni, inaweka nakala za faili za saiti karibu na mgeni, wana vituo Mombasa na Nairobi. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika huko kusini sote tuliona intaneti ilivyokuwa, na saiti zilizoko Ulaya zilikuwa zinafunguka kwa shida, picha na faili za CSS zikiwa karibu zinapunguza maumivu. Lakini jueni kwamba kwa mpangilio wa kawaida haiweki ukurasa wenyewe wa HTML, inaweka picha, CSS na JavaScript tu, kwa hiyo plagini ya keshi bado mnaihitaji.

ChausikuM:
Kilindini_254 hilo la picha za watoto nimelipenda sana, mimi nina shule tatu kwenye orodha na kesho naanza kupitia folda zote.

Niongeze kitu kwa kaka wa Moshi, kwa kuwa una utalii. Kagua ile fomu ya mawasiliano. WordPress kwenye hostingi ya bei nafuu inatuma barua pepe kienyeji tu kupitia seva na nyingi zinaishia kwenye spam, mgeni ameuliza safari ya Kilimanjaro ya dola elfu kadhaa na hakuna aliyemjibu. Weka WP Mail SMTP, itume kupitia akaunti halisi ya domeni, kisha hakikisha SPF na DKIM (rekodi zinazothibitisha barua imetoka kwako kweli) zipo kwenye DNS ya domeni, na DMARC (inayosema barua isiyothibitika ifanyweje) uiweke hata ya kuangalia tu kwa kuanzia. Google na Yahoo walikaza masharti Februari 2024 na hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM. Kupima nenda mail-tester.com, wanakupa anwani ya muda, unaituma barua kutoka kwenye fomu yako halafu wanakupa alama juu ya 10 na kukuonyesha kilichokosekana. Ukipata 9 na kuendelea upo vizuri.

mkwawa_dev:
Kwa RAM GB 4 mkuu VS Code inaenda ila usiifungue pamoja na Chrome yenye tabu ishirini. Mimi kwa kuhariri faili moja moja natumia Notepad++ na WinSCP ya kuhamisha faili kupitia SFTP, nyepesi mno. Paswadi za wateja weka KeePassXC, faili moja lililofungwa, halihitaji intaneti. Tafadhali zisikae WhatsApp.

kibosho_wavuti:
Wakuu mmenipa darasa kubwa kweli. Nimekuta adimini mmoja simjui, nimemtoa, thimu nimeitoa, verify-checksums sasa inarudi safi. Mteja kakubali kununua leseni. Swali langu la mwisho, hizi bakapu za UpdraftPlus nitajuaje kwamba ni nzima? Maana nikikumbuka saiti ilikuwa na virusi tangu folda la 2023 naona hata bakapu zote zinavyo.

fundi_seva:
Kweli zinavyo, zote ulizonazo kabla ya leo zihesabu chafu, ziweke alama na usizirudishe kamwe isipokuwa kwa kuchomoa picha na maandishi. Chukua mpya leo hii baada ya kusafisha.

Kujua kama ni nzima njia ni moja, irudishe. Weka Laragon, seva ya majaribio ya ndani ya kompyuta, kwenye laptopu yako, ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa na GB 4 inaibeba, tengeneza WordPress tupu, weka UpdraftPlus humo, ipe zile faili ilizotuma Drive iziingize. Ikifunguka na picha zikaonekana na ukaweza kuingia kama adimini, bakapu ipo. Kwa kuokoa bando shusha databesi, plagini na thimu peke yake mara kwa mara, folda la uploads ambalo ndilo zito fanya mara moja moja ukiwa kwenye wifi ya mtu.

Na ukiwa pale kwenye laptopu, ipigie hiyo nakala ile ya plagini, `wp plugin verify-checksums --all`. Ikirudi safi na huko, omba ukaguzi wa Google, halafu ile curl ya iPhone, ile isiyo na I, iweke kwenye cron ya kaseva kako ka Uptime Kuma, iite ukurasa kila asubuhi na ikutumie ujumbe likitokea jina la ile domeni ya ajabu.

kibosho_wavuti:
Sawa mkuu, naiweka usiku huu. Dada Chausiku nikikwama kwenye Telegram ya Uptime Kuma nitakuandikia hapa hapa.